Ndugu Yako Akikamatwa: Hatua za Kufuata Kuanzia Kituo cha Polisi Hadi Rufaa

Kesi nyingi za jinai zinazosikilizwa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe huwa zimekwisha kuelemea upande mmoja kabla wakili hajaingia katika chumba cha mahakama. Mtuhumiwa ametia sahihi maelezo ambayo hakuyasoma, amekubali hati ya mali ambayo hakuiona ikihesabiwa, amejibu "ni kweli" kwa shtaka ambalo hakulielewa, na familia imemaliza akiba yake ya kwanza kwa mtu aliyejitambulisha kuwa wakili nje ya geti. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye saa na siku za mwanzo. Umeandikwa kwa ajili ya mtuhumiwa mwenyewe, lakini zaidi kwa ajili ya mama, kaka, mke au mjomba anayepigiwa simu usiku na kuambiwa kwamba kijana amechukuliwa.

Hatua ya kwanza: fahamu alipo na anatuhumiwa kwa kosa gani

Kabla ya kumtafuta mtu yeyote wa kusaidia, tafuta daftari na uandike: jina kamili la aliyekamatwa, mahali na saa aliyokamatwa, nani walikuwapo, kituo alikopelekwa, na jina la askari mpelelezi aliyepewa jalada. Saa ya kukamatwa ni muhimu kuliko watu wengi wanavyodhani, kama itakavyoonekana mbele. Mtu aliyekamatwa Mwanjelwa au Uyole anaweza kuhamishiwa kituo kingine usiku huohuo, na aliyekamatwa machimboni Chunya anaweza kupelekwa mbali na kijiji alichokuwa akiishi, kwa hiyo usiridhike na jibu la "hayupo hapa" bila kuuliza amepelekwa wapi na lini.

Askari anayemkamata mtu anawajibika kumweleza sababu ya kukamatwa. Ikiwa aliyemkamata ni mgambo, sungusungu au wananchi wenyewe, sheria inawataka wamkabidhi polisi bila kuchelewa. Ofisi ya kijiji au ya kata si mahabusu, na kumfungia mtu humo siku mbili akisubiri "wazee wakae" ni kuvunja sheria, hata kama tuhuma yenyewe ni ya kweli. Mtu aliyekamatwa bila hati anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, na pale jambo hilo lisipowezekana, polisi wafikirie kumpa dhamana, isipokuwa kwa makosa yanayoadhibiwa kwa kifo.

Muda huo ukipita bila dhamana wala mahakama, nenda kwa mkuu wa kituo kwa heshima, ueleze saa uliyoiandika kwenye daftari lako, kisha upande kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Wakili anaweza kwenda mbali zaidi na kuiomba Mahakama Kuu iamuru mtu huyo aletwe mbele yake, lakini mara nyingi familia inayojua saa na jina la mpelelezi husikilizwa mapema kuliko inayofika ikilia na kufoka.

Hatua ya pili: mahojiano na maelezo ya onyo

Naomba msomaji asome sehemu hii polepole. Katika kesi nyingi, ushahidi mzito kuliko wote dhidi ya mshtakiwa ni maneno yake mwenyewe, yaliyoandikwa kituoni. Sheria ya Tanzania inaruhusu ungamo lililotolewa mbele ya afisa wa polisi litumike mahakamani, mradi lilitolewa kwa hiari bila kipigo, vitisho wala ahadi.

Kabla ya kuhojiwa, mtuhumiwa anapaswa kuelezwa, kwa lugha anayoielewa vizuri, kwamba anahojiwa kuhusu kosa gani, kwamba halazimiki kujibu swali lolote isipokuwa jina na anwani yake, na kwamba anaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Polisi wanaweza kuahirisha mawasiliano hayo ikiwa wana sababu za kuamini kwamba yatamsaidia mshiriki wa kosa kutoroka au yataharibu ushahidi. Nje ya hapo, hiyo ni haki yake na anapaswa kuidai kwa sauti ya utulivu. Mzee wa Rungwe ambaye Kinyakyusa ndiyo lugha anayoifikiria, au bibi wa Kilolo anayeielewa Kihehe kuliko Kiswahili cha ofisini, asione haya kusema hivyo na kuomba mkalimani. Kunyamaza na kuitikia kwa kichwa kwa sababu ya adabu kumewafunga watu.

Muda wa msingi wa mahojiano ni saa nne tangu mtu aliposhikiliwa kwa ajili ya kosa hilo. Afisa mwenye dhamana ya upelelezi anaweza kuuongeza kwa muda usiozidi saa nane, na zaidi ya hapo iombwe mahakama. Muda wa kumsafirisha mtuhumiwa hadi kituoni hauhesabiwi, jambo lenye uzito katika mikoa yetu ambako safari ya kutoka porini hadi kituo chenye wapelelezi inaweza kuchukua nusu siku. Mahakama ya Rufani imekwisha kuyaondoa maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa yanayoandikwa baada ya kuonywa kuhusu haki zake, katika ushahidi kwenye kesi kadhaa kwa sababu yaliandikwa nje ya muda bila kibali. Sasa unaona kwa nini nilisisitiza saa ya kukamatwa iandikwe siku ileile.

Karatasi yenyewe mara nyingi huandikwa kwa mkono. Juu kuna onyo na jibu la mtuhumiwa, chini yake sahihi au dole gumba, kisha maelezo yanafuata kwa nafsi ya kwanza, "mimi nakumbuka kwamba tarehe fulani", ingawa anayeandika ni askari. Mtuhumiwa ana haki ya kusomewa maelezo yote na kuulizwa kama anataka kurekebisha, kuongeza au kuondoa chochote. Aitumie. Aombe asome mwenyewe kama anajua kusoma. Akikuta sentensi ambayo hakuisema, aombe irekebishwe na atie sahihi pembeni ya marekebisho. Akikataliwa, asitie sahihi. Kama amepigwa, amweleze hakimu siku ya kwanza anapofikishwa mbele yake, aonyeshe majeraha, na familia iombe fomu ya polisi namba tatu, yaani PF3, ili atibiwe na majeraha yaandikwe na daktari. Wakati mwingine mtuhumiwa hupelekwa pia mbele ya mlinzi wa amani, ambaye kwa kawaida ni hakimu, kutoa maelezo mengine. Mlinzi wa amani humuuliza kama alipigwa au kuahidiwa kitu, na hapo ndipo pa kusema ukweli wote, kwa maana jibu la "hapana, sikupigwa" litasomwa tena mahakamani.

Kukaa kimya hadi wakili afike si dalili ya hatia. Hata mtu asiye na kosa lolote hujichanganya kwenye tarehe, saa na majina, na mchanganyiko huo ndio utakaoulizwa baadaye.

Hatua ya tatu: upekuzi wa nyumba na mali

Upekuzi kwa kawaida huhitaji hati, na hati hiyo hutekelezwa kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, isipokuwa mahakama imeruhusu muda mwingine. Ipo pia ruhusa ya upekuzi wa dharura. Katika yote mawili, mali iliyochukuliwa iorodheshwe na itolewe stakabadhi yenye sahihi ya mwenye nyumba na ya mashahidi waliokuwapo. Mwite mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji, lakini hakikisha anakuwapo wakati kitu kinapopatikana, si anakuja kutia sahihi baadaye sebuleni. Kama hati inasema "kilo tano" na hakuna mizani iliyoletwa, au inataja kitu kilichotolewa chumba cha mpangaji mwingine, eleza hivyo kabla ya kutia sahihi na uombe maelezo yako yaandikwe.

Hatua ya nne: dhamana

Dhamana ya polisi ni bure. Anayedai fedha ili "kuchakata" dhamana anaomba rushwa, na taarifa inaweza kutolewa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa namba ya bure 113. Andaa wadhamini mapema: kwa kawaida huombwa watu wenye makazi yanayofahamika, kitambulisho cha Taifa au kingine kinachokubalika, na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji au serikali ya mtaa. Mahakamani masharti yanaweza kuongezeka hadi hati ya nyumba au kadi ya gari, kulingana na kosa. Katika baadhi ya kesi za fedha au mali yenye thamani kubwa, sheria humtaka mshtakiwa aweke fedha taslimu au mali yenye thamani ya nusu ya kiasi kinachodaiwa.

Yapo makosa yasiyo na dhamana kabisa, na familia ielezwe hivyo mapema ili isitapeliwe: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha, usafirishaji haramu wa binadamu na baadhi ya makosa ya dawa za kulevya. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba Bunge lina mamlaka ya kuweka orodha hiyo. Kwa hiyo mtu anayekuambia kwamba kwa milioni kadhaa atamtolea ndugu yako dhamana ya kesi ya mauaji, anakuibia.

Mdhamini naye ajue anachosaini. Mshtakiwa akitoroka, mdhamini ndiye atakayeitwa kueleza kwa nini asilipe kiasi cha hati ya dhamana. Usimdhamini mtu kwa sababu tu ni wa ukoo.

Hatua ya tano: kumpata wakili, na kumkwepa kishoka

Ushauri wangu ni mmoja: fedha ya kwanza itumike mapema. Wakili aliyelipwa afike kituoni siku ya kwanza, amweleze mtuhumiwa haki zake na asome hati ya mashtaka kabla haijajibiwa, anaweza kuokoa zaidi kuliko wakili mashuhuri anayeletwa wakati mashahidi wanne wamekwisha kutoa ushahidi bila kuulizwa maswali ya maana.

Vishoka, yaani watu wanaojifanya mawakili, wapo, na hujua kuvaa suti na kutaja majina ya mahakimu. Dai jina kamili na namba ya uwakili, kisha hakiki jina hilo kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, unaoonyesha kama mtu ameandikishwa na kama anaruhusiwa kufanya kazi kwa sasa, kwa kuwa leseni ya uwakili huhuishwa kila mwaka. Unaweza pia kuuliza Chama cha Mawakili Tanganyika, ambacho kina matawi mikoani. Usilipe fedha barabarani wala kwenye mgahawa karibu na mahakama. Nenda ofisini kwake.

Mkikutana, mwulize amewahi kuendesha kesi za aina hiyo, nani hasa atasimama mahakamani siku hiyo, yeye au msaidizi wake, na ada aliyotaja inafika wapi. Je, inahusu dhamana peke yake, au kesi yote hadi hukumu? Nauli ya kutoka Mbeya mjini hadi Kyela au Tunduma imo au itaongezwa? Rufaa imo? Makubaliano yaandikwe na kila malipo yawe na risiti. Wakili mwaminifu atakueleza udhaifu wa kesi yako na hatakuahidi ushindi. Anayesema sehemu ya fedha ni "ya hakimu", mshukuru na uondoke, kwa sababu ama anakutapeli, ama anakuingiza kwenye kosa jingine.

Washtakiwa wakiwa wawili au zaidi, familia hupenda kuchanga na kuweka wakili mmoja. Inafaa pale maelezo yao yanapokwenda njia moja. Lakini dereva anayesema mzigo ulikuwa wa abiria, na abiria anayesema mzigo ulikuwa wa dereva, hawawezi kutetewa na mtu mmoja bila mmoja wao kuumia.

Asiye na uwezo asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inaruhusu mtuhumiwa asiye na uwezo kupewa msaada, na inawatambua wasaidizi wa kisheria ambao wapo katika wilaya nyingi. Aombe mbele ya hakimu, na ombi liandikwe kwenye mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za mahakama. Kwa kesi za mauaji zinazosikilizwa Mahakama Kuu, mshtakiwa asiye na wakili hupangiwa mmoja kwa gharama za Serikali. Mahakama ya Mwanzo kwa miaka mingi haikuruhusu mawakili. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalifungua mlango huo pale inapoongozwa na hakimu mkazi.

Hatua ya sita: siku ya kusomewa mashtaka

Hati ya mashtaka huwa na sehemu mbili: jina la kosa pamoja na kifungu cha sheria, na maelezo mafupi yanayotaja tarehe, mahali na kitendo. Omba nakala na usome sehemu ya pili kwa makini, maana hapo ndipo utaona kama shtaka linahusu kumiliki, kusafirisha au kuuza, na tofauti ya maneno hayo ni tofauti ya miaka mingi gerezani.

Karani au hakimu atauliza: ni kweli au si kweli? Hapa ndipo watu wanapojimaliza. Mahabusu wenzake wamemwambia kwamba akikiri ataachiwa kwa faini na kurudi nyumbani jioni. Anasema "ni kweli", anasomewa maelezo ya kosa, anasema "ni kweli" tena, na anahukumiwa saa hiyohiyo. Aliyekiri kosa kwa namna hiyo, kwa kanuni ya jumla, hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani. Anaweza kupinga tu ukubwa au uhalali wa adhabu. Milango michache inabaki, kama vile kuonyesha kwamba ukiri haukuwa kamili au hati ilikuwa na kasoro, lakini ni migumu kuifungua ukiwa ndani ya Gereza la Ruanda, Mbeya.

Tazama jibu hili, ambalo husikika sana katika kesi za kushambulia: "Ni kweli nilimpiga, ila yeye ndiye aliyeanza kunivamia na panga." Huo si ukiri wa kosa. Ni utetezi, na hakimu anapaswa kuandika kwamba mshtakiwa amekana. Kwa hiyo mwenye maelezo ya ziada ayaseme yote kwa ukamilifu, na mwenye shaka yoyote aseme "si kweli" kisha atafute ushauri. Kukana shtaka si kuidanganya mahakama. Ni kuitaka Jamhuri ithibitishe kesi yake. Katiba inamhesabu mtu kuwa hana hatia hadi ithibitike vinginevyo, na mzigo wa kuthibitisha pasipo kuacha shaka ya msingi uko kwa upande wa mashtaka.

Anayetaka kweli kukiri kwa masharti, sheria tangu mwaka 2019 inaruhusu makubaliano na waendesha mashtaka, yanayosajiliwa mahakamani. Yasifanyike bila wakili.

Katika kesi ya mauaji, mshtakiwa anayeletwa mara ya kwanza Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi haulizwi kujibu chochote, kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kosa hilo. Ndugu wasishangae kumwona amenyamaza.

Hatua ya saba: usikilizwaji wa awali na ushahidi

Baada ya kukana, huja usikilizwaji wa awali, ambapo upande wa Jamhuri husoma maelezo ya kesi na mshtakiwa huulizwa mambo gani hayabishaniwi. Anayokubali huandikwa, husainiwa, na huhesabiwa kuwa yamethibitishwa bila shahidi. Jina na kazi, sawa. Lakini "nilikamatwa nikiwa na begi hilo" si jambo dogo la kukubali kwa haraka.

Mashahidi wa Jamhuri wakimaliza, hakimu huamua kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Akiwa nayo, anaweza kujitetea kwa kiapo, bila kiapo, au kunyamaza, na anaweza kuita mashahidi. Pingamizi dhidi ya maelezo ya onyo litolewe wakati yanapoletwa kupokelewa kama kielelezo. Kusema "nilipigwa" kwa mara ya kwanza wakati wa utetezi huonekana kama wazo lililokuja baadaye.

Swali la kila wiki: mlalamikaji amesamehe, kwa nini kesi haifi? Kwa sababu mwenye kesi ni Jamhuri. Kwa makosa madogo ya kushambuliana, mahakama inaweza kuhimiza upatanisho, lakini kwa ubakaji, mauaji na makosa mengine makubwa, mahari, ng'ombe au barua ya ukoo havifuti chochote, na kumshawishi shahidi asije ni kosa linalojitegemea.

Mtuhumiwa akiwa na umri chini ya miaka 18

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humpa utaratibu wake: mzazi au mlezi aarifiwe, shauri lisikilizwe faragha, na asichanganywe na watu wazima. Mbeya ina mahakama ya watoto na mahabusi yao. Beba cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo tangu siku ya kwanza, maana kijana mrefu huandikwa miaka 19 bila kuulizwa.

Hatua ya nane: rufaa

Siku zinakimbia. Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Aliye gerezani hutoa kusudio kupitia kwa mkuu wa gereza, na ndugu wahakikishe siku ya kwanza ya kumtembelea kwamba amelisaini.

Omba nakala kwa barua, siku ileile ya hukumu ikiwezekana, na ubaki na nakala ya barua hiyo iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ukichelewa, utalazimika kuomba kuongezewa muda, na mahakama itataka maelezo ya kila siku iliyopotea. Barua yenye muhuri ndiyo itakayoonyesha kwamba siku hizo ulikuwa ukisubiri nakala kutoka masjala.